Una D nne lakini moja haihesabiki: cheti kipi cha umeme kina uzito?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 20 nipo Kahama. Nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni foo, nina D za Kiswahili, Uraia, Biolojia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Baadae nikasoma kompyuta miezi mitatu nikapewa cheti. Saivi nina barua mbili mkononi. Moja ya chuo binafsi Mwanza, setifiketi ya umeme mwaka mmoja, ada milioni moja na laki mbili, wanasema wamesajiliwa na ukimaliza unaunganisha diploma. Nyingine nimechaguliwa VETA Shinyanga, umeme wa majumbani, ngazi ya kwanza. Mjomba ndo ananisomesha na yeye anasema VETA ni ya walioishia la saba, niende chuo. Naomba kujua cheti maana yake nini hasa, kipi kina uzito, na kile cha kompyuta nakiweka wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi ila mi naanza na kitu ambacho hujakiuliza, maana ndo kinachoamua hayo mengine yote. Kwa mahesabu ya vyuo wewe huna D nne, una tatu. Kigezo cha kuanzia NTA 4, yani ile ngazi ya kwanza ya astashahada kwenye vyuo vya kati, ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Elimu ya Dini ya Kiislamu haimo kwenye hesabu, Maarifa ya Biblia nayo haimo, kwaio sio kwamba kuna dini inaonewa, yote mawili yanaachwa. Hiyo D ni yako na ni halali kabisa, ipo kwenye cheti na hakuna wa kuifuta, ila ukifika kwa afisa udahili anairuka anahesabu zinazofuata, na kwako zinazofuata ni tatu.

Afu ni umeme. Programu za umeme za ngazi hiyo karibu kila chuo wanataka kwenye hizo D nne kuwe na Hisabati na Fizikia, wengine na Kemia juu yake. Wewe una Kiswahili, Uraia na Biolojia. Sasa jiulize hiyo barua ya Mwanza imetokaje. Inawezekana hawakuangalia matokeo yako vizuri. Inawezekana pia hiyo setifiketi yao sio NTA 4 kabisa, ni kozi ya kwao wenyewe wameipa jina zuri. Au wameangalia, wameona, na wamenyamaza kwa sababu milioni moja na laki mbili ni milioni moja na laki mbili. Sijui ni lipi kati ya hayo na siwezi kumtuhumu mtu nisiyemjua, ila najua mambo yanavyoendaga huko mbele. Chuo kikishadahili, majina yanapelekwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi stadi, kuhakikiwa, mfumo unavuta matokeo yako NECTA (baraza la mitihani) kwa namba yako ya mtihani, na hapo hamna cha kuongea wala kubembeleza. Usipokidhi sifa hutambuliki. Unaweza ukaendelea kukaa darasani, ukafanya mitihani ya ndani, ukavaa na sare, ila mwisho wa mwaka wenzako wanapata cheti kinachosomeka kwenye mfumo wa taifa na wewe unapewa karatasi yenye nembo ya chuo na saini ya mkuu wa chuo. Kwa macho zinafanana sana.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Cheti cha elimu ni ushahidi wa maandishi kwamba kuna mtu mwenye mamlaka kisheria amekupima, kwa kipimo kinachojulikana, akakuta umefika kiwango fulani. Ndo maana karatasi mbili zenye neno hilo hilo kubwa juu zinaweza zikatofautiana mbingu na ardhi. Ya kwanza inasema ulihudhuria. Ya pili inasema unaweza kufanya kazi fulani kwa mikono yako. Ya tatu inasema umeanza safari ya kuwa fundi sanifu na unaruhusiwa kupanda. Za aina ya kwanza zimejaa mtaani, semina ya siku mbili unapewa, mafunzo ya wiki unapewa, na hata hiyo ya kompyuta yako kwa kiasi kikubwa imo humo, nitairudia.

Hizi mbili nyingine zina historia. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi stadi, kushona, kuchomelea, umeme, magari, useremala, mapishi na kadhalika. Miaka mitatu baadae, 1997, likaja Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi ambalo wengi tumelizoea kama NACTE, lenyewe likasimamia vyuo vya kati vinavyotoa astashahada na stashahada. Kwa muda mrefu hao walikuwa watu wawili tofauti, kila mmoja na ngazi zake, mpaka mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, usimamizi wote ukaenda baraza moja na jina likawa NACTVET. VETA ikabaki na vyuo vyake inafundisha. Kwaio leo chuo chako cha Shinyanga na hicho cha Mwanza vyote viko chini ya jicho moja, na hilo peke yake linatosha kumwambia mjomba kwamba VETA sio nje ya mfumo.

Ngazi zenyewe ziko hivi. Upande wa ufundi stadi kuna NVA 1, NVA 2 na NVA 3. Upande wa vyuo vya kati kunaanzia NTA 4 ambayo ni astashahada ya awali, NTA 5 astashahada yenyewe, NTA 6 stashahada ambayo ndo diploma, NTA 7 stashahada ya juu, NTA 8 shahada, unaenda hivyo mpaka NTA 10 uzamivu. Ukiangalia vizuri hizo namba utaona kitu, NVA zinaishia 3 na NTA zinaanzia 4. Haikutokea kwa bahati mbaya, ni ngazi moja iliyounganishwa, japo watu wengi (mjomba wako mmojawapo) wanazichukulia kama nyumba mbili za majirani wasiosalimiana.

NTA 4 ni mwaka mmoja, krediti 120, na kila krediti ni kama masaa kumi ya kujifunza, ukijumlisha darasani, karakana na kusoma mwenyewe unapata masaa 1,200. Ila nikwambie ukweli ambao vyuo havipendi kuusema wakati wa kutafuta wanafunzi: NTA 4 peke yake ni daraja la kupita. Nafasi za kazi zinazotaja astashahada kwa kawaida wanamaanisha umefika NTA 5, yani miaka miwili. Mtu anayekwambia soma setifiketi mwaka mmoja upate kazi ya umeme serikalini, muulize ni tangazo gani la kazi lililoandika hivyo, akuonyeshe. Kwa mwenzako aliyemaliza kidato cha sita ni tofauti kidogo, yeye akiwa na prinsipo moja na sabsidiari moja anaanzia NTA 5 na diploma anaimaliza kwa miaka miwili badala ya mitatu, ndo maana unakuta watu wanabishana kijiweni diploma ni miaka mingapi na wote wako sahihi.

Haya, VETA. Hapo nakaa kidogo kwa sababu ndo panapokuhusu.

NVA 1 ya umeme wa majumbani ukiimaliza unatakiwa uwe unaweza kusoma mchoro wa nyumba, kutandaza mabomba ya nyaya kabla lipu haijapigwa, kuvuta nyaya, kufunga swichi, soketi na taa, kuunganisha main switch, kuchimbia earth rod na kupima kama kila kitu kiko salama kabla umeme haujaingia. Mfumo wao ni wa umahiri, kwa hiyo kwenye mtihani wa vitendo unawekewa ubao, vifaa na muda, unafunga, msimamizi anakuja na fomu yake anaangalia rangi za nyaya ziko sawa, viungio vimekaza, hujaacha shaba wazi, soketi yako ikichomekwa kipimo inasema nini. Ukiwa mzuri wa kuongea haikusaidii hata kidogo. NVA 2 inakupeleka kwenye mifumo mikubwa zaidi na matengenezo, NVA 3 unafika mahali unaweza ukasimamia kazi na kupanga vifaa. Kila ngazi ni kama mwaka, na kila ngazi ina cheti chake, kwaio hata ukikwama katikati kwa sababu ya hela unaondoka na kitu mkononi, unafanya kazi, unarudi.

Kuna mtego mmoja hapo wa zamani ambao nimeona unawachanganya hadi maafisa utumishi. Kabla ya NVA kulikuwa na majaribio ya ufundi, ile Trade Test, nayo ilikuwa na madaraja matatu ila yanahesabiwa kinyume. Trade Test daraja la tatu ndo la chini, la kwanza ndo la juu kabisa. NVA 1 ndo ya chini na NVA 3 ndo ya juu. Sasa unakuta mzee ana Trade Test Grade I ya miaka ya themanini, kabobea, afu kijana wa kwenye ofisi anamwambia una ya kwanza tu mzee wetu, tunataka ya tatu. Ukikutana na tangazo la kazi limeandika "daraja la II" soma mara mbili wanaongelea mfumo upi.

Na ukisoma matangazo ya serikali utaona wanatenganisha fundi mchundo na fundi sanifu. Fundi mchundo ni huyu wa Trade Test na NVA. Fundi sanifu ni wa stashahada. Wewe na NVA unaingilia mlango wa fundi mchundo, mshahara wake ni mdogo kuliko wa fundi sanifu, hilo sikufichi. Lakini mtu mwenye karatasi ya chuo isiyo kwenye mfumo haingilii mlango wowote kati ya hiyo miwili.

Sasa mlango wa pili, huu ndo wa kumwambia mjomba taratibu, wakati ametulia. Ukifika NVA 3, zile D tatu zako zinaacha kuwa ukuta. Programu nyingi za ufundi za NTA 4 zinamkubali mwenye NVA 3 hata kama hana D nne. Na sio hapo tu, vigezo vya TCU (tume ya vyuo vikuu) vya kuingia digrii kwa njia ya diploma vinasema hivi, uwe na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, au NVA 3 kwa mwenye chini ya manne, na diploma yenye GPA, yani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 (kuna kozi wanapandisha). Soma tena hapo. Cheti cha juu cha VETA kimewekwa kwenye kitabu cha kuingilia chuo kikuu, kinaziba pengo la hiyo D ya nne. Kwaio anayesema VETA ni ya walioishia la saba yuko sahihi nusu tu, kweli wa la saba wanapokelewa na ni jambo zuri, ila kule juu ngazi haijakatwa. Ni ndefu, sikatai. Miaka mitatu ya NVA, afu NTA 4, 5 na 6. Lakini wewe kuanzia mwaka wa kwanza unaweza ukawa unashika kazi ndogo ndogo za nyumba wakati wa likizo, mwenzako anasubiri.

Wazee wa rika la mjomba wako wanakumbuka FTC, cheti cha zamani cha fundi sanifu. Muulize, bila shaka ana rafiki au bosi aliyesoma Dar Tech, Arusha Tech au Mbeya Tech enzi hizo, kabla Dar Tech haijawa DIT mwaka 1997. FTC ilikuwa cheti na hakuna aliyeidharau, waliokuwa nayo ndo walikuwa wanaendesha karakana na mitambo ya nchi hii, na mpaka leo TCU wanaipokea sambamba na diploma. Mzee akiikumbuka hiyo atakuelewa haraka kuliko ukimletea habari za NVA na NTA.

Tuje kwenye hela maana yeye ndo anatoa. Ada ya kozi ndefu VETA imezoeleka elfu 60 kwa mwaka kwa wa kutwa na laki moja na elfu 20 kwa wa bweni, juu yake kuna sare, vifaa na michango midogo midogo, soma fomu yako ya kujiunga wamekuandikia kila kitu. Hiyo milioni moja na laki mbili ya Mwanza ukiiweka pembeni inamaliza ngazi zote tatu za VETA na chenji inanunua begi la vifaa, tester, pliers nzuri, mita ya kupimia na drili. Fundi mwenye drili yake haazimi, na asiyeazima anaitwa kazini kwanza.

Kuna jambo jingine la umeme ambalo kozi nyingi haziwaambii wanafunzi. Cheti cha chuo hakikupi ruhusa ya kufunga umeme kwenye nyumba za watu kama biashara yako. Hiyo ni leseni, na leseni inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, kulingana na elimu yako na uzoefu. Mteja anapoomba kuunganishiwa umeme TANESCO, wanataka nyumba iwe imefungwa na mtu anayetambulika na fomu iwe na muhuri wake. Ndo maana mtaani unaona fundi kafunga nyumba nzima kwa mikono yake, afu anamtafuta mwenye muhuri amgongee na amkatie chake. Sasa ukienda kuomba leseni wanaanzia wapi? Wanaanzia kwenye vyeti vyako, wanataka kimetoka chuo kinachotambulika. Mtu wa karatasi ya ndani anarudishwa hapo hapo dirishani, ataishi maisha yake yote akigongewa mihuri na wengine.

Na ukienda upande wa ajira za serikali, fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira usome masharti ya jumla, yale ambayo watu huwa wanayaruka. Wanaandika wazi kwamba testimonial, matokeo ya muda, statement of results na zile hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazitakubaliwa. Wanataka cheti chenyewe. Waliosoma nje wanatakiwa vyeti vyao viwe vimehakikiwa na TCU, NECTA au NACTVET kutegemea na ngazi. Kwaio kama bado unatembea na result slip ya kidato cha nne, nenda shuleni kwako ukachukue cheti halisi, kuna watu wanakaaga miaka wakiamini slip inatosha.

Basi utaihakiki vipi hiyo barua ya Mwanza kabla hujaitupa? Usiulize "mmesajiliwa?", watakujibu ndio na pengine ni kweli. Chuo kinaweza kikawa kimesajiliwa kihalali kwa ajili ya uhasibu na utunzaji kumbukumbu, afu wakaongeza umeme juu juu bila kibali, jina la chuo unalikuta kwenye orodha ya baraza unafurahi, kumbe programu yako haimo. Uliza hivi: programu hii ya umeme ina ithibati (kibali cha baraza), ni NTA ngapi, na mwisho wa kozi cheti kinatolewa kwa jina la nani. Afu usiishie kwenye majibu yao. Ingia tovuti ya NACTVET, kuna kitabu cha mwongozo wa udahili kinatoka kila mwaka, pdf, ni kizito kidogo kwa bando lako ila kipakue. Tafuta jina la chuo, shuka mpaka programu ya umeme, utakuta sifa za kujiunga, muda wa kozi na ada, mstari mmoja mmoja. Programu isipokuwepo umemaliza kazi. Ikiwepo, soma sifa, weka D zako tatu pembeni ulinganishe mwenyewe. Dakika kumi tu hizo.

Akitokea mtu hapo chuoni akakwambia usijali hiyo D moja tutakutafutia, kimbia. Sio kwamba nakutisha. Mwezi wa nne 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, watu 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, na humo kulikuwa na watu waliofanya kazi miaka na miaka, wengine karibu kustaafu. Uhakiki ulikuwa unashuka mpaka kidato cha nne. Kazi yao inaweza ikawa walikuwa wanaifanya vizuri tu, haikuulizwa.

Kama roho yako bado iko kwenye NTA moja kwa moja ipo njia nyingine halali, kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Unajisajili mwanzoni mwa mwaka, unafanya mwezi wa kumi na moja na wenzako, sio lazima masomo yote. Kwa ndoto yako ya umeme ungerudia Hisabati na Fizikia, ukipata D zote mbili unakuwa na tano zisizo za dini na picha inabadilika kabisa, cheti cha kwanza na cha pili vinasomwa pamoja. Ushauri wangu? Usiache VETA kwa ajili ya hilo. Nenda VETA, na ukiwa huko hesabu za umeme utazifanya kila siku, volti, ampia, ukinzani, utashangaa Fizikia iliyokushinda darasani inaanza kueleweka ukiwa umeshika waya. Mwaka wa pili ukijiona uko vizuri, jisajili urudie. Ukipata, umejiongezea njia. Usipopata, NVA 3 bado inakusubiri.

Hapo hapo nigusie mafundi wanaosoma hili ambao wako kazini miaka kumi na hawana karatasi yoyote. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, watu wanauita urasimishaji. Unajaza fomu, unapimwa unachokijua, wanakuonyesha mapengo yako, unapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, unafanyiwa tathmini na unapewa cheti cha ngazi unayostahili. Hukai darasani miaka mitatu kujifunza kukata waya. Ulizia chuo cha VETA cha mkoani kwako, na mara nyingine serikali inalipia.

Kwa ndugu zangu wa Kenya ambao huwa mnaniuliza kuhusu kulinganisha: kwenu pia kuna ngazi zenye namba, na diploma kwenu ni 6 kama huku, wakati cheti cha ufundi cha kati mnachokiita krafti ni 5 na artizani iko chini yake. Namba zinakaribiana ila usidhani cheti chako cha 5 kitapokelewa huku kama NTA 5 bila kuhakikiwa, lazima kipite NACTVET kwanza wakupe barua ya ulinganifu.

Narudi Kahama. Cheti chako cha kompyuta usikitupe na usikitangulize. Miezi mitatu, chuo cha mtaani, hakina ngazi yoyote kwenye mfumo, ila kinaonyesha unaweza kuchapa, kutuma barua pepe na kujaza jedwali. Kwenye CV kuna sehemu ya elimu na kuna sehemu ya mafunzo mengine. Elimu weka la saba, kidato cha nne na baadae NVA yako. Kompyuta iende mafunzo mengine, mstari mmoja, jina la chuo na mwaka, basi. Ukikiweka kwenye elimu juu ya kidato cha nne unamfanya anayesoma adhani unataka kumdanganya, wakati hukuwa na nia hiyo.

Angalia pia majina. Cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, NIDA, na fomu ya VETA viwe na jina moja, herufi kwa herufi. Kama shuleni uliandikwa Ramadhan na NIDA wameandika Ramadhani, hiyo i moja itakusumbua siku ya leseni na siku ya ajira. Rekebisha sasa hivi kabla cheti cha NVA hakijachapwa, maana kikishachapwa utahangaika na wakili na viapo.

Kuhusu mjomba, usiende kubishana naye. Mpelekee simu ikiwa na huo ukurasa wa mwongozo umefunguliwa, msome pamoja mstari wa sifa za kujiunga, mwache aone mwenyewe hiyo "yasiyo ya dini". Afu mwonyeshe fomu ya ada ya VETA. Na kama mlishalipa chochote Mwanza, ombeni kwa maandishi irudishwe kabla muhula haujaanza, mkitaja kwamba hukidhi sifa za programu, na mbaki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Barua ya VETA ina tarehe ya mwisho ya kuripoti, ukichelewa nafasi wanampa aliye kwenye orodha ya akiba, kwaio hiyo tarehe iangalie leo.